Kuweka CAN mawingu yakiwa yametanda

Ndugu wa Muhoroni, umeuliza kama uweke CAN, ile mbolea ya nitrojeni ya kukuzia, kwenye mahindi leo kabla mvua haijashuka. Ngoja kwanza. Mbolea inataka manyunyu ya kuiyeyusha, si gharika. Nitrati, yaani nitrojeni iliyo ndani ya CAN, huyeyuka ikaenda na maji. Fosforasi ya DAP, mbolea ya kupandia, nayo hung'ang'ania udongo, kwa hiyo ukiona maji ya mto Nyando yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, ujue yamebeba mbolea ya watu (na yako pia) kwenda kulisha magugu maji kule Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Mvua kubwa za Machi ndizo mbaya zaidi, maana shamba liko wazi. Gawa CAN mara mbili, ifukie, na kando ya mto panda nyasi za nepia zishike udongo. Ng'ombe hawatalalamika.