Maswali ya Wasomaji: Soko Lisilo na Takwimu

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mwenzangu tunataka kutengeneza programu ya simu ya kuwaunganisha wavuvi wa huku Likoni na mahoteli ya Nyali. Tuna akiba ya shilingi 300,000, nami niko tayari kuacha kazi. Kila tunayemwuliza husifu wazo letu, ila takwimu za soko hatuzipati. Tuanze, au tusubiri hadi tuwe na hakika? – Msomaji, Likoni.

JIBU: Hakika hiyo haitakuja, kwani huduma ambayo bado haijakuwako haina takwimu. Mwaka 1921 mchumi Frank Knight wa Marekani alitenganisha hatari inayokadirika, ambayo wenye bima huishi kwayo, na mashaka yasiyo na kipimo. Ninyi mko katika hayo ya pili, na huko makadirio ya mapato ya miaka mitano ni karatasi tu, ingawa wenye mitaji hawaachi kuyadai.

Jiulizeni ni jambo gani ambalo, lisipokuwa kweli, litaiua biashara. Sidhani kama ni programu. Mvuvi hutaka fedha zake samaki wakiwa bado mizanini, ilhali hoteli hupokea ankara na huweza kulipa baada ya wiki kadhaa. Mkiliziba pengo hilo wenyewe, tuseme kwa kilo 50 kila siku kwa shilingi 400 kilo, akiba yenu yote itakuwa imekwisha siku ya 15.

Basi wekeni programu kando kwanza. Tengeni kiasi ambacho hata kikipotea hamtalala njaa, chukueni mizani na sanduku la barafu, mshuke ufuoni alfajiri na kuziuzia hoteli mbili kilo chache. Hoteli itakayolipa kwa M-Pesa siku hiyohiyo imewajibu. Itakayowasifu na kuomba ankara imewajibu pia. Yaangalieni hata msiyoyauliza: M-Pesa yenyewe ilijaribiwa mwaka 2005 kwa ajili ya kurejesha mikopo midogo, waliojaribu wakaigeuza njia ya kutumiana fedha, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilijengwa juu ya hilo.

Tena jaribio la Januari pekee litawadanganya, maana wakati wa kaskazi bahari ni tulivu na wageni ni wengi, lakini kusi ikivuma vyombo vidogo hukwama ufuoni na vyumba vya hoteli hubaki vitupu. Rudieni Juni, japo kwa wiki mbili, kabla hujaiandika hiyo barua ya kuacha kazi.