Wasomaji Wanauliza: Hadithi za Sungura zimekwisha, mtoto bado anadai

Barua nyingi za mwezi huu zimezunguka jambo moja: kumsimulia mtoto hadithi uliyoitunga mwenyewe. Tumechagua tano.

Mwanangu wa miaka minne anataka hadithi mpya kila usiku. Nikianza kubuni nakwama katikati, sijui pa kuitolea. Nifanyeje?
*Mama, Tabata, Dar es Salaam*

Dada, wengi hukwama kwa sababu huanza na mhusika peke yake. "Hapo zamani za kale paliondokea Sungura..." kisha kimya. Kabla hujafungua mdomo, uwe na mambo manne: nani, anataka nini, nini kinamzuia, na sentensi ya mwisho. Ndiyo, ya mwisho itangulie kupatikana. Yote manne yanaweza kupatikana ukiwa unaosha vyombo.

Tuchukue Kobe. Anataka kwenda Kariakoo kumnunulia mkewe kanga. Kinachomzuia ni mwendo wake: daladala zinamwacha. Sentensi ya mwisho: "Mpaka leo, konda yule akimwona Kobe barabarani husimamisha gari." Sasa mpe majaribio matatu. Gari la kwanza limejaa. La pili, konda anacheka: "Mzee, mpaka ufike mlangoni sisi tumeshageuza!" La tatu linaondoka akiwa hatua mbili tu kulifikia, basi Kobe anashika njia kwa miguu. Mbele kidogo analikuta limezima, boneti iko wazi, abiria wamesimama juani, konda anajipepea kwa noti. Kobe anawapita, taratibu, mmoja mmoja, akiwaamkia.

Kwa nini matatu? Kushindwa mara mbili kunamfanya mtoto atarajie la tatu liwe vilevile, na hapo ndipo unapomgeuzia. Ukifika matano, wa miaka minne ameshapoteza hesabu na wewe umeshachoka.

Kati ya jaribio na jaribio weka wimbo mfupi, uleule kila mara:

*Konda, konda, ningoje,*
*nyumba yangu mgongoni,*
*nauli yangu mkononi!*

Wimbo si pambo. Unakupa nafasi ya kufikiri kinachofuata, na unampa mtoto kazi. Ukiimba mara ya pili, mwachie yeye mstari wa mwisho.

Angalia pia vitenzi vyako. Fungua kwa *-li-*, halafu endelea na *-ka-*: "Kobe alitoka nyumbani, akafunga mlango, akajikokota, akafika kituoni." Anayesimulia kwa "halafu alikuwa anakwenda, halafu alikuwa anafika" anaivuta hadithi kama mkokoteni wenye pancha. Na tumia milio tuliyonayo: mtu huanguka *pu!*, hutumbukia majini *chubwi!*, giza ni *totoro*, kimya ni *zii*. Kwa mtoto mdogo mlio mmoja hufanya kazi ya maelezo marefu.

Dakika tano hadi saba zinatosha. Akianza kupiga miayo mapema, ruka jaribio moja uende mwisho. Usiseme "tutamalizia kesho" kwa umri huo, atakesha akisubiri.

Nilimsimulia binti yangu wa miaka mitano hadithi ya zimwi niliyoitunga. Sasa hataki kulala peke yake. Nimeharibu?
*Baba, Likoni, Mombasa*

Hujaharibu, ila zimwi lako huenda lilikosa udhaifu. Mazimwi ya wazee yalitisha, lakini yalikuwa na pengo: hayajui kuhesabu, yanalala yakikoroma, yanapenda kusifiwa. Mtoto alijua mapema pa kulikamatia. Zimwi lenye nguvu tupu, linaloshindwa ghafla mwishoni kwa bahati, linabaki kichwani taa ikizimwa.

Kumwambia "hakuna zimwi" hakusaidii sana, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema lipo. Irudie hadithi ileile mchana, mkiwa mnachambua mchele au mnakunja nguo. Ndiyo, upo mwiko wa kutosimulia mchana; kwa hili uvunje. Ukifika kwenye zimwi, muulize yeye: "Linaogopa nini?" Akisema linaogopa kuku, basi liogope kuku, na kuku aingie. Usiku msimulie nyingine kabisa, isiyo na hatari, inayoishia mhusika akiwa nyumbani, ameshiba, mlango umefungwa.

Na kama kuna mtu hapo nyumbani anayesema "usipolala zimwi litakuja," mwombe aache. Zimwi likishatumika kama kiboko, hadithi haiwezi tena kuliweka mahali pake.

Watoto wetu wamezaliwa hapa. Nikisimulia kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, nami naishia kutafsiri kila sentensi. Je, nibadili lugha?
*Mama, London*

Usibadili, na usitafsiri. Ukitafsiri kila sentensi wanajifunza kusubiri tafsiri. Kiswahili kinapita kama kelele za barabarani.

Punguza mzigo badala yake. Kila hadithi iwe na maneno mapya matatu, si zaidi, na yawe ya vitu vinavyoshikika: kinu, mchi, ungo. Kama huna kinu, onyesha kwa mikono jinsi mtu anavyotwanga. Kila neno lijirudie angalau mara nne ndani ya hadithi. Mtoto akijibu kwa Kiingereza kwamba Fisi ameanguka, wewe itikia, "Eee, Fisi ameanguka, pu!" uendelee. Amesikia umbo sahihi bila kusahihishwa.

Anzeni kwa mwito. Wewe: "Paukwa!" Wao: "Pakawa!" Au "Hadithi, hadithi!" nao wajibu "Hadithi njoo!" Hayo ni maneno ambayo mtoto asiyejiamini huyatamka bila woga, kwa sababu jibu ni moja na halibadiliki.

Kama bibi yuko nyumbani Afrika Mashariki, mwombe ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika tatu, unaoishia kwa swali: "Je, mnadhani Fisi alifanya nini?" Watoto warekodi jibu lao. Ukizidi dakika tatu hawamalizi kuusikiliza. Wala usimwambie bibi azungumze polepole kama mwalimu; aseme anavyosema.

Nataka wanangu wajue utoto wangu kijijini Kigoma. Nikianza tu, wanatazama simu.
*Baba, Dodoma*

Tunashuku unaanza na "enzi zetu". Neno hilo linafungua mahubiri, na watoto wanayanusa. "Tulikuwa tunatembea mbali kwenda shule" si hadithi. Ni malalamiko yenye umri mkubwa.

Chukua siku moja na kitu kimoja. Ndala iliyokatika kamba, kwa mfano. Ilikatikia wapi? Ulipitisha msumari chini ya soli ili kamba isichomoke? Msumari ulipatikana wapi, na nani aliyekuona? Ukijibu maswali hayo kwa mpangilio, umbali wa shule utaonekana wenyewe. Weka pia kosa lako moja ndani. Mtoto huvutwa na baba aliyewahi kuiba embe kuliko baba aliyekuwa wa kwanza darasani kila muhula. Ukimaliza, nyamaza. Usiongeze "ndiyo maana ninyi mnapaswa...". Na tafadhali, yaliyo ya kweli yaseme kuwa ya kweli, ya kutunga yaanze kwa "Paukwa". Wakikugundua umechanganya, hata ndala hawataiamini.

Nilitunga hadithi moja miezi miwili iliyopita. Mwanangu anaitaka hiyohiyo kila siku, na nikibadili neno ananisahihisha.
*Mama, Morogoro*

Hiyo ndiyo hadithi iliyofaulu. Mtoto mdogo anapenda kujua kinachokuja. Ndiyo raha yake. Ukitaka kubadili, usiguse wimbo wala mwisho, badili jaribio moja la katikati, na mtangazie kabla: "Leo Kobe amepita njia ya Ilala." Akikataa, rudi njia ya zamani.

Kwa hiyo weka daftari. Kila hadithi mistari mitano: jina la mhusika, anachotaka, majaribio, wimbo, sentensi ya mwisho. Ongeza rangi na majina ya pembeni, maana ukimpa mke wa Kobe kanga nyekundu leo na ya kijani kesho, utaulizwa ile ya kwanza ameiweka wapi.