Unataka kuanza riwaya za kihistoria? Jibu langu refu kutoka Bagamoyo

Dada mleta mada, swali lako nimelisoma asubuhi nikasema hili silipiti hivihivi. Umesema somo la historia shuleni lilikuwa linakulaza, miaka na mikataba tu, ila juzi umeangalia filamu ya Vuta N'kuvute ukatamani kusoma hadithi za kutunga za zamani, sasa unauliza uanzie wapi na utajuaje kama mwandishi anakupiga fiksi. Mi sijasomea fasihi, ni msomaji tu, naishi hapa Bagamoyo na riwaya za namna hii ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye kabati langu, kwahiyo chukua haya kama maneno ya msomaji mwenzio.

Kipimo changu mimi ni kimoja. Natafuta kitabu ambacho watu waliomo hawajui kesho yao. Sisi tunaosoma leo tunajua Mjerumani alikuja, tunajua 1914 vita ikapiganwa mpaka huku kwetu, tunajua 1961 bendera ikapanda, ila mtu wa 1890 alikuwa anaamka anawaza deni lake na mvua na mtoto mwenye homa, Berlin wala haijui. Darasani wanakuanzishia mwisho, unaambiwa kwanza nani alishinda afu ndo unakaririshwa sababu tano za kushinda, sasa hapo utamu utatoka wapi wakati kila kitu kinaonekana kilikuwa lazima kitokee? Riwaya nzuri inakurudisha siku ile jambo bado halijaamuliwa, na wewe msomaji unatamani kupiga kelele kumwonya mtu wa ndani ya kitabu.

Mfano ulionishika kabisa ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kiingereza chake kinaitwa Paradise, kilitoka 1994, na baada ya yeye kupata Nobel 2021 kikaja cha Kiswahili 2022, mfasiri Ida Hadjivayanis, wachapaji Mkuki na Nyota. Yusuf ni mtoto wa miaka 12, baba yake anadaiwa na tajiri mmoja anaitwa Aziz, mtoto anachukuliwa kwenda pwani kukaa dukani kwa tajiri na wala haelewi kuwa yeye ndo rehani. Baadaye wanaingia bara na msafara, na kule ndani kabisa mtawala mmoja anaitwa Chatu anawanyang'anya mali yote. Wamekaa hapo hawana mbele wala nyuma, mara anatokea mzungu na askari wake, anasikiliza kesi, anaamuru mali irudishwe. Sasa hebu fikiria dada, watu wa msafara wanapumua, wameokoka! Mi nimesoma ukurasa ule mwili ukasisimka maana najua mzungu yule aliyekata kesi leo kesho ndo mwenye nchi, na biashara ya kina Aziz imekwisha hapohapo siku waliyorudishiwa marobota yao. Hakuna mstari unaokuambia "huu ndo mwanzo wa ukoloni", mwandishi kakuachia mwenyewe. Kitabu cha darasani kingeandika hilo kwa sentensi moja na usingelikumbuka kesho yake.

Ndo maana ushauri wangu ni uanzie na ardhi unayoikanyaga au iliyo jirani yako. Wewe umesema uko Dar, basi Peponi ni kwenu na kwetu. Mi niliingia kwa nguvu zaidi kupitia kitabu kingine ambacho bahati mbaya nimekisoma kwa Kiingereza, Out of Darkness, Shining Light cha Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, kimetoka 2019. Kinahusu watu waliombeba Livingstone. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, wenzake wakazika moyo na matumbo kulekule chini ya mti, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga kwa magome ya mti ufanane na mzigo wa kawaida maana vijiji vingi visingekubali maiti ipite, halafu wakaubeba kwa miguu mpaka hapa Bagamoyo, Februari 1874. Mnara wa kanisa pale misheni ya Kikatoliki mpaka leo unaitwa mnara wa Livingstone.

Sasa sisi wa hapa hadithi hiyo tumeisikia mpaka imekuwa ya kawaida. Gappah alichofanya kampa mdomo Halima, mpishi wa msafara, mwanamke aliyekuwepo kweli na ametajwa na Livingstone mwenyewe kwenye maandishi yake, lakini nani hapa mjini anamtaja? Nusu ya kwanza anasimulia yeye, mwanamke mwenye ulimi mkali, anaona kila kitu kuanzia jikoni, nani anamtaka nani, nani mnafiki, chakula kimebaki kiasi gani. Nusu ya pili anasimulia Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani akasomeshwa India na wamisionari, na huyo ndo alipanda meli na jeneza, Aprili 1874 akawa miongoni mwa waliolishika pale Westminster Abbey. Wenzake waliosota naye porini wakalipwa ujira wao wakaachwa huku.

Siku moja nimekaa na kitabu hicho pale kwenye ile njia ya miembe ya misheni, likaja kundi la wanafunzi wa msingi kwenye ziara, sare zimejaa vumbi la basi, anayewatembeza akawaambia Chuma na Susi, wale watumishi wa Livingstone, ndio walioleta mwili hapa. Binti mmoja mdogo wa nyuma akanyoosha kidole akauliza, "Njiani walikuwa wanakula nini?" Yule bwana akajibu kwa kifupi akaendelea na mnara. Aisee mi nilitaka nimwite yule mtoto nimpe kitabu changu, maana swali lake ndo swali analoanza nalo mwandishi wa riwaya za kihistoria, walikuwa wanakula nini, nani alipika, nani alikuwa na mimba njiani, nani alichoka akataka waache maiti warudi kwao.

Kuhusu kupigwa fiksi. Hapa uwe mtulivu, kutunga kunaruhusiwa, ndo kazi yenyewe. Ebrahim Hussein kwenye Kinjeketile (1969, ile tamthiliya ya Maji Maji) anakuambia mapema kabisa kwenye dibaji kuwa Kinjeketile wake ni wa kubuni, usimchukue kama ndo yule wa 1905. Na bado ule mwisho, jamaa yuko gerezani anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo na anakataa kwa kuwa anafikiria watoto wa baadaye wataambiwa nini, mi naona pale kuna ukweli ambao hati ya Mjerumani haiwezi kukupa. Kwahiyo tukio likibuniwa sina shida. Shida yangu ni mwandishi asiyejua maisha ya siku ile, na huyo anajulikana haraka sana kwenye vitu vidogo.

Angalia pesa. Enzi ya Mjerumani watu walishika rupia na pesa (hiyo pesa ni sarafu ndogo), rupia moja ni pesa 64, mpaka 1904 ilipoletwa sarafu ya heller, ikawa heller 100 kwa rupia. Shilingi ilikuja na Mwingereza, 1921. Ukikuta mtu ananunua samaki hapa Bagamoyo 1895 kwa shilingi mbili weka alama ukurasani, maana kama hakuangalia hilo mengine pia kaandika kwa kukisia. Angalia mizigo, msafara wa kwenda bara unatoka na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, njiani unatoa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mwenye nchi, unarudi na pembe za ndovu. Angalia usafiri, reli ya kati ilianza kujengwa Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, kwahiyo riwaya inayoniletea wapagazi wa pembe kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo 1920 inanipa mashaka. Halafu sikiliza wanavyoongea, mzee wa 1888 akianza kuhutubia umoja wa Afrika kama mtoa mada kwenye semina, basi huyo anajua kesho yake, na kipimo changu umeshakijua.

Na kingine, angalia nani anaruhusiwa kuwaza ndani ya kitabu. Vita ya Tanga ya Novemba 1914 imo kwenye An Ice-Cream War ya William Boyd, 1982, kitabu kimeandikwa vizuri na utacheka na utahuzunika, ila wenye hofu na mapenzi na kumbukumbu mle ndani karibu wote ni wazungu, askari na wabeba mizigo wanapita tu nyuma. Halafu usome Afterlives ya Gurnah, 2020, umfuate Hamza aliyejiunga mwenyewe na jeshi la Mjerumani na akajuta mapema, vita ni ileile, ila sasa uko ndani ya kichwa cha askari. Mi nimeumia sana na Hamza, na sasa picha za maaskari wale makumbusho siwezi kuzipita haraka.

Ukishamaliza riwaya ndo urudi kwenye maandishi ya wenyewe wa wakati ule, na hapa sisi wa Kiswahili tuna utajiri ambao watu wengi hawaujui. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa hapahapa Bagamoyo, ndiye nyuma ya Desturi za Wasuaheli iliyochapwa Ujerumani 1903, humo kuna harusi, ngoma, mavazi, jando, vitu vyote ambavyo mtunzi wa leo angevihitaji. Kuna Safari za Wasuaheli ya 1901 na ndani yake Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi mpaka Siberia, ndio, Mswahili kwenye theluji ya Siberia karne ya 19, na mpaka leo sijaona aliyeitungia riwaya! Kama kuna mwandishi anapita hapa namwomba kwa dhati alichukue hilo. Na watu wa Tanga wana Hemedi bin Abdallah el Buhriy na utenzi wake wa Wadachi (yaani Wajerumani) kutamalaki Mrima, vita ya kina Abushiri waliompinga Mjerumani huku pwani 1888 na 1889 imeandikwa na mtu aliyeishi wakati wenyewe, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Hizo si riwaya, ila ukizisoma baada ya Peponi zinafunguka, kabla yake utaona ugumu.

Mdau mmoja hapo juu amesema Kuli na Vuta n'kuvute za Adam Shafi haziwezi kuitwa za kihistoria kwa sababu mwandishi alikuwa hai wakati wa matukio. Najua kanuni anayoitaja, kuna tuzo Uingereza yenye jina la Walter Scott ambayo inataka sehemu kubwa ya hadithi iwe imetokea miaka 60 au zaidi kabla ya kitabu kuandikwa, na imetokana na Scott mwenyewe, riwaya yake ya Waverley ya 1814 alisema kwenye jina kabisa kuwa ni mambo ya miaka 60 nyuma. Kwa tuzo sawa, lazima waweke mpaka. Ila mi siikubali kwetu. Kuli ilitoka 1979 inahusu mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa 1948, Adam Shafi mwaka huo alikuwa mtoto mdogo, na kati ya hapo kuna uhuru, Mapinduzi na Muungano. Huo umbali si wa kuhesabu kwa miaka peke yake, dunia ya Rashidi, kuli wa kwenye kitabu, pale gatini ilikuwa imeshafutika kabisa wakati kitabu kinachapwa, na Rashidi hajui 1964 inakuja. Kwangu inatosha, na wewe dada kwa kuwa filamu imekuvuta basi soma Vuta n'kuvute yenyewe, Yasmin wa kwenye kitabu ana mengi zaidi.

Kupata vitabu ni kazi kidogo maana dukani hakuna rafu iliyoandikwa riwaya za kihistoria, vimechanganywa na vya shule, na Kuli utaikuta imekaa jirani na vitabu vya mitihani. Usiulize kwa jina la aina, uliza kwa jina la mwandishi. Wauza vitabu vya mtumba wa barabarani Dar huwa wana toleo za zamani, na Maktaba Kuu pale Bibi Titi wekea siku nzima.

Kwahiyo mpangilio wangu kwako ni Vuta n'kuvute, halafu Peponi, halafu Kuli, na kama Kiingereza hakikusumbui Gappah afuate. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza usianze nayo. Ni kazi kubwa mno, aliimaliza kwa Kikerewe 1945, akaigeuza Kiswahili mwenyewe, ikachapwa 1980 na mwaka uliofuata akafariki. Ukerewe ya kabla ya mzungu imo yote, uvuvi, kilimo, mume anahangaika na pombe ya ndizi ili wakwe wamrudishie mkewe, ila inakwenda taratibu sana na ukiingia na haraka utaiacha katikati. Iwekee likizo ndefu, na ukifika pale kwenye pombe ya ndizi niandikie inbox tuiongelee, maana huku nilipo sijampata mtu aliyeimaliza.