Nilimpa Kazi, Sikumpa Habari

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, tumeshafika wafanyakazi 20, tunaambiwa tuajiri na watu wenye ulemavu. Tuanzie wapi?" Nikamjibu mistari miwili ya kumtia moyo. Usiku nikaona sijamtendea haki, maana lililonipata mimi sikumwambia.

Nina kiwanda kidogo cha uchapaji Kariakoo. Nilianza na mashine moja ya mtumba na binti wa kukunja kadi. Leo tuko 26. Kadi za michango, kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda. Nimepambana, na sioni haya kusema. Wewe unayenisoma najua unataka biashara yako ifike hapa na kupita, ndiyo maana naongea nawe kama mwenzangu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Kwa watu 26, hesabu haifiki hata mtu mmoja kamili. Nikaajiri kijana mmoja kiziwi, nikatembea kifua mbele. Kila kikao cha wafanyabiashara lazima nimtaje. Na kazi aliijua, jamani. Alikuwa anaweka kiganja ubavuni mwa mashine, anahisi rola imeanza kusumbua kabla sisi wenye masikio hatujasikia kitu.

Sasa mimi ni mtu wa sauti. Ofisi naiendesha kwa kurekodi kwenye grupu la WhatsApp. Niko kituo cha mwendokasi, narekodi. Niko jikoni, narekodi. Oda imebadilika, mteja hajamalizia hela, kesho tuwahi. Naye alikuwemo kwenye grupu, anaona sauti zinashuka kwenye simu, ya dakika moja, ya dakika mbili. Mwanzoni aliandika, "Dada amesemaje?" Siku nyingine alijibiwa, siku nyingine aliambiwa "baadaye". Baada ya miezi kadhaa akaacha kuuliza. Nikadhani amezoea.

Mwezi wa nane, saa nne usiku, mteja akapiga simu: ukumbi wa harusi umebadilika. Kadi 300. Nikarekodi, nikalala. Asubuhi yeye ndiye alifungua. Nafika saa tatu, kadi zote zimeshachapwa na kukatwa, zimepangwa vizuri mezani, ukumbi ni ule wa kwanza. Nilimfokea mbele ya wenzake. Kwa mdomo. Alisimama ananitazama midomo, wino bado uko vidoleni. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ule ujumbe hakuusikia. Mwisho wa mwezi nikamkata hela ya karatasi.

Wiki mbili baadaye aliniwekea funguo mezani na karatasi, imeandikwa nyuma ya fomu ya oda: "Dada, asante kwa kazi. Nimechoka kuwa wa mwisho kujua."

Hela nilimrudishia, nikamwomba radhi kwa maandishi. Lakini ile karatasi ninayo mpaka leo, na kila nikiisoma roho inaniuma.

Sasa msomaji wangu, ushauri wangu ni huu: andika. Oda ikibadilika, andika. Kikao cha asubuhi, andika ubaoni. Usimfanye jirani yake wa mezani awe mkalimani wa bure, naye ana kazi zake. Na usiseme, "Sisi tunamchukulia kama wengine wote." Mimi nilimchukulia kama wengine wote: nilimtumia sauti kama wao, nikamfokea kama wao. Acha kuhangaika utampata wapi mtu mwenye ulemavu. Jiulize akishafika, habari atazipataje.

Tena si ulemavu tu. Binti wa kukunja kadi aliporudi kutoka likizo ya uzazi, alikuwa anajificha chooni kukamua maziwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hakuna aliyemkatalia, ila hakuna aliyemwambia, nami mwenye kiwanda sikuwa nimeisoma. Soma sheria, ndugu yangu. Isome, kisha iandike mahali watu wako wataiona.

Viziwi wana desturi ya kumpa mtu jina la alama, kutokana na umbo lake au jambo analopenda kufanya. Fundi wetu kiziwi ameshaondoka, kijana wa gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, ndiye aliyenionyesha kwamba fundi huyo sote alitupa majina. Mhasibu ni miwani. Mimi ni kiganja kilicholazwa mbele ya mdomo, kama mtu anayeongea na simu. Mwaka mzima nilikuwa naitwa hivyo, sijui.

Nilimfuata yule fundi. Kurudi hakurudi, ana kazi kwenye uchapaji mwingine, na sikumlaumu. Alikubali kitu kimoja: Jumamosi anakuja kwa saa moja kutufundisha lugha ya alama, namlipa kama ninavyomlipa fundi yeyote wa nje. Tunasimama duara kuzunguka meza ya kukatia karatasi, wote 26, simu zote kwenye droo. Namba na siku za wiki tumemaliza. Jumamosi hii tunaanza maneno ya oda: tarehe, idadi, ukumbi, imebadilika.