Gari la umeme litakulipa? Anza na kilomita zako

Wiki hii nimechukua maswali manne ya wasomaji wanaotaka kuachana na petroli.

Naishi Ruiru na huendesha kilomita 30 kwa siku. Nikihamia gari la umeme nitaokoa ngapi?

Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita, petroli ikiwa shilingi 180, hula 1,200 kila kilomita 100. La umeme la ukubwa huohuo huhitaji yuniti kama 18, zikiwemo zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa stima ya nyumbani ya shilingi 30 kwa yuniti, hiyo ni 540. Ukiendesha siku 300 kwa mwaka, utabaki na 59,000 hivi. Lakini gari hilo likizidi bei ya la petroli kwa laki nne, utangoja karibu miaka saba kuzirudisha. Kama gari lako bado ni zima, kaa nalo.

Mimi ni dereva wa teksi Nairobi, kilomita 150 kila siku. Je?

Kwako mambo ni tofauti kabisa. Kwa hesabu ileile unaokoa karibu 297,000 kwa mwaka, na laki nne zile zinarudi kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Tena mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya stima ya kuchaji magari: ilianza kwa shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo, nayo inahitaji mita ya peke yake. Oili ya injini utaisahau, plagi utazisahau, na brekipedi hukaa sana kwa sababu mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo. Ila nakuomba uanze na swali moja: gari linalala wapi? Ukiwa kwenye ploti isiyo na pa kuchomeka waya, utategemea chaja za kulipia, na faida yote hii itapungua.

Jirani hapa Mombasa anauza Nissan Leaf ya 2014 kwa bei nzuri. Ninunue?

Usitoe hata shilingi kabla ya kuangalia dashibodi. Kando ya kipimo cha chaji kuna vipande vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Vikiwa vimebaki 8, betri imepoteza takriban theluthi ya uwezo wake. Leaf ya mwaka huo, yenye betri ya kilowati-saa (yaani yuniti) 24, ilipimwa Marekani ikiwa mpya kwenda kilomita 135. Ikibaki na vipande 8, utapata 90 kwa shida. Betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto huichosha. Wenye Leaf za kwanza huko Phoenix, mji wa jangwani, waliliona hilo mapema, na joto la Pwani unalijua. Naliona kosa hili linaumiza watu: wanasifu rangi na viti, kumbe wananunua betri. Omba uliendeshe siku nzima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kisha uhesabu kilomita mwenyewe.

Bodaboda ya betri ya kubadilisha, au ya kuchaji nyumbani?

Ukishinda barabarani, ya kubadilisha. Betri ni ya kampuni, kwa hiyo ikichoka hasara si yako, na kituoni unaacha iliyoisha chaji, unachukua iliyojaa, unaondoka baada ya dakika chache. Hesabu kwanza vituo vilivyo kwenye njia zako. Kikiwa kimoja tu, subiri.