Kabla ya Kubandika Mistari Kwenye Kopo la Achari

Mtengenezaji wa achari, halwa au mafuta ya nazi hapa Amu akipeleka mzigo supamaketi ya Malindi au Mombasa, swali la kwanza ni: "Barkodi iko wapi?" Wengi hukimbilia intaneti, wakachora mistari kwa programu ya bure, wakabandika. Kuchora mistari si kazi. Kazi ni namba iliyo chini yake na karatasi iliyochapiwa.

Anza hapa: bidhaa itasomwa na mashine ya nani? Ikiwa ni ya dukani kwako tu, huna haja ya kumlipa mtu. Ikiwa itapita kaunta ya mwenzio, basi namba iwe yako peke yako duniani, na hiyo hutolewa na GS1, shirika la kimataifa linalogawa namba za barkodi. Za tawi la Kenya huanza na 616. Usijitungie 616. Ukijitungia, ipo siku kopo lako litapita kaunta na kompyuta iandike sabuni ya mtu mwingine. Na vijiweni husemwa kuwa 616 ni alama ya "kimetengenezwa Kenya". Sivyo, huonyesha tu kampuni ilijisajili wapi.

Kila ukubwa na kila ladha na namba yake. Achari ya embe ya gramu 250 na ya gramu 500 ni bidhaa mbili, ya ndimu ni ya tatu. Bei ikipanda namba haiguswi, maana bei haimo kwenye mistari, imo kwenye kompyuta ya duka.

Kwa matumizi ya dukani kwako, namba zenye tarakimu 13 (aina iitwayo EAN-13) zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengwa kwa kazi hiyo. Unatunga tarakimu 12, ya 13 ni ya ukaguzi. Chukua 200000100347. Jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: unapata 7. Zilizo nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12 jumla yake ni 10, zidisha kwa 3, ni 30. Jumla kuu 37. Kufika 40 zimebaki 3, basi namba kamili ni 2000001003473. Ukiziweka kwenye Excel, ifanye safu iwe ya maandishi kabla ya kuandika, la sivyo utakuta 2E+12, na namba inayoanza na sifuri utakuta sifuri zake za mwanzo zimekwenda zake.

Kwa stoki ya ghalani, Code 128, aina nyingine ya barkodi, ni bora, kwani inakubali herufi pia. Lakini herufi hula nafasi. Kwa mstari mwembamba wa milimita 0.25, namba 8 tupu huchukua kama milimita 25 pamoja na nafasi za pembeni. Herufi 8 huchukua kama 36. Tumia namba tupu, na idadi yake igawike kwa mbili.

Sasa printa, ndipo fedha nyingi zinapopotea. Printa ya lebo ya 203 dpi (vitone kwa inchi) hupiga vitone 8 kwa milimita, na haiwezi kupiga nusu kitone. Kipimo cha kawaida cha EAN-13 ni mstari mwembamba wa milimita 0.33, na haifai kushuka chini ya asilimia 80 ya hapo. Vitone 2 ni 0.25, umeshuka, vitone 3 ni 0.375, sawa, ila mchoro mzima unafika milimita 42 na lebo ya 40 haitoshi. Watu hukamata pembe ya picha wakaivuta mpaka ienee. Hapo printa hunenepesha mistari mingine na kukondesha mingine, na skana inakataa ingawa jicho halioni kasoro. Usivute picha, chagua ukubwa ndani ya programu. Lebo ikiwa ndogo, tafuta printa ya 300 dpi.

Pembeni acha weupe: kwa kipimo cha kawaida, milimita 3.6 kushoto na 2.3 kulia. Wachoraji wa lebo hupenda kupaka maua hapo. Wakatalie.

Karatasi inayochapwa kwa joto bila utepe wa wino ni rahisi, lakini hufifia kwa jua na kwa mafuta. Kwa achari ni hasara tupu. Tumia printa ya utepe, na kwa mzigo unaovuka Mokowe kwa boti na kurushiwa maji ya chumvi, lebo iwe ya plastiki na utepe wa rezini. Wa nta hukwaruzika. Samaki wa kugandishwa abandikwe lebo pakiti ikiwa kavu, kabla haijaingia friza. Ikishatoka jasho, gundi haishiki.

Rangi: skana nyingi za kaunta hutumia mwanga mwekundu, na kwake wekundu ni weupe. Mistari myekundu kwenye karatasi nyeupe haisomeki kabisa. Kwa hiyo rangi ya mabuyu ikimwagikia lebo nyeupe yenye mistari myeusi, mara nyingi itasomeka vizuri tu, ingawa mteja atakunja uso. Mistari iwe myeusi, mandhari meupe, basi.

Kwenye chupa nyembamba, laza mistari kama vipawa vya ngazi. Ikisimama wima, ya pembeni hupinda na kujificha.

Kabla ya kuchapa 1,000, chapa 10, zibandike kwenye makopo yenyewe, yenye achari ndani, ziache siku mbili. Kisha zisome kwa skana ya kaunta, si kwa simu, kwani kamera ya simu husamehe mengi. Skana ya USB huandika kama kibodi: fungua ukurasa mtupu, piga, ulinganishe namba moja moja na daftari.