Sanduku la Maswali: Njaa ya Marekani na Vikao vya Jioni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shemeji yangu anayeishi Ohio aliniambia kuwa huko Marekani watu hupanga foleni kanisani ili wapewe chakula, nami nikadhani anatia chumvi. Nchi inayouza mahindi na ngano dunia nzima inakuwaje na watu wanaolala njaa? – *Msomaji, Tanga*

JIBU: Shemeji yako hatii chumvi. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikadiria kuwa mwaka 2023 kaya milioni 18, sawa na asilimia 13.5 ya kaya zote, hazikuwa na uhakika wa chakula katika kipindi fulani cha mwaka huo. Chakula chenyewe kipo tele; kinachokosekana ni fedha za kukinunua, na mara nyingine njia ya kukifikia. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, na ingawa majimbo mengi yamepandisha cha kwao, mengine hayajafanya hivyo. Kodi ya nyumba haikubali kupunguzwa wala bili ya umeme haingoji, kwa hiyo kinachopunguzwa ni sahani. Ndiyo maana njaa hii haionekani barabarani: wiki ya kwanza ya mwezi jokofu limejaa, wiki ya mwisho limebaki na chupa ya haradali na vipande vya mkate, na mama anawaambia watoto kuwa yeye ameshakula kazini.

Kanisa alilokutajia shemeji yako huenda linapata chakula kutoka benki ya chakula, yaani ghala linalopokea vyakula vya ziada na kuvigawa kwa vituo vidogo. Ghala la kwanza la aina hiyo lilianzishwa na John van Hengel mjini Phoenix, Arizona, mwaka 1967. Hata hivyo, mzigo mkubwa haubebwi na makanisa. Unabebwa na SNAP, mpango wa serikali uliojulikana zamani kama stempu za chakula, ambao mwaka 2024 ulihudumia watu wapatao milioni 42 kwa mwezi. Feeding America, mtandao mkubwa wa benki hizo, wenyewe husema kuwa kwa kila mlo mmoja unaotolewa na benki za chakula, SNAP hutoa tisa. Hilo lilidhihirika Novemba 2025, pale serikali kuu ilipokuwa imefungwa kwa sababu ya mvutano wa bajeti na malipo ya SNAP yakachelewa: foleni za makanisani zilirefuka ndani ya siku chache.

Niongeze jambo moja linalonikera. Septemba 2025 wizara hiyo hiyo ilitangaza kuwa itaacha kutoa ripoti yake ya kila mwaka kuhusu uhakika wa chakula, iliyokuwa ikitolewa tangu miaka ya 1990. Ni vigumu kumbana kiongozi kwa tatizo ambalo halihesabiwi tena.

SWALI: Je, ni kweli kwamba kadi ya msaada wa chakula hainunui kuku wa kuchoma? – *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Ni kweli, ila inategemea kuku huyo ana joto kiasi gani. Sheria ya SNAP hairuhusu, kwa kawaida, chakula cha moto kilicho tayari kuliwa, kwa hiyo kuku anayetoka kwenye mashine ya kuchomea pale dukani atakataliwa na kadi. Kuku yule yule akishapozwa na kuwekwa kwenye jokofu la duka, kadi inampokea. Sabuni, karatasi za chooni na dawa hazinunuliki pia, lakini mbegu na miche ya mboga inaruhusiwa. Baadhi ya majimbo huwapa wazee, walemavu na watu wasio na makazi nafasi ya kula katika migahawa iliyosajiliwa. Kanuni hizi zimo katika sheria zinazotungwa na Bunge la Marekani, hivyo mwenye duka hana la kufanya, na kumfokea keshia ni kumwonea.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kongo, niliyeletwa Marekani kama mkimbizi baada ya miaka mingi kambini Nyarugusu. Sasa nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Supamaketi pekee iliyokuwa karibu nasi imefungwa, na ninapanda mabasi mawili kwenda kununua mboga. Jirani yangu ananihimiza niende kwenye kikao cha halmashauri ya jiji. Mimi si raia, na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Je, nina haki ya kusema? – *Mama wa watatu, Kentucky*

JIBU: Dada yetu, haki hiyo unayo. Tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kupiga kura katika uchaguzi wa serikali kuu ni kwa raia pekee, na asiye raia akipiga kura anaweza kushtakiwa na hata kufukuzwa nchini. Kwa hiyo ukiulizwa katika ofisi ya leseni za udereva kama ungependa kujiandikisha kuwa mpiga kura, jibu hapana. Kuzungumza na viongozi ni jambo jingine kabisa. Uhuru wa kusema na kuwasilisha malalamiko kwa serikali umo katika Katiba, nao haukufungwa kwa raia peke yao.

Vikao vingi vya halmashauri hutenga muda wa wakazi kusema, kwa kawaida dakika mbili au tatu kwa kila mtu, na mara nyingi hutakiwa kuandikisha jina mapema. Dakika tatu ni chache, usizitumie kueleza kuwa njaa ni mbaya, maana madiwani wanalijua hilo. Waeleze safari yako: ulitoka nyumbani saa nne asubuhi na mtoto mgongoni, ukangoja basi la pili juani, ukarudi saa nane na mifuko miwili tu kwa kuwa ndiyo mikono inayoweza kubeba, na maziwa yameshapata joto. Kisha omba kitu kimoja kinachoweza kutekelezwa.

Usidhani kuwa maneno hayo hupotea hewani. Kaskazini mwa Tulsa, Oklahoma, mtaa wa Wamarekani weusi ulikuwa umejaa maduka madogo ya bei rahisi yanayouza zaidi vyakula vya makopo na vya pakiti, huku supamaketi yenye mboga na nyama ikikosekana. Wakazi na diwani wao, Vanessa Hall-Harper, walipigania jambo hilo hadi mwaka 2018 halmashauri ikazuia maduka mapya ya aina hiyo kusongamana katika eneo hilo. Mwaka 2021 likafunguliwa duka kamili la vyakula, Oasis Fresh Market. Huko Nebraska, gavana Jim Pillen alikataa mwishoni mwa 2023 fedha za serikali kuu za chakula cha watoto wakati wa likizo ya kiangazi, dola 120 kwa mtoto. Februari 2024 alibadili msimamo, baada ya shinikizo la wabunge wa jimbo na kuwasikiliza vijana waliomweleza habari za njaa. Wengi wa vijana wa rika hilo hawana hata umri wa kupiga kura.

Uhusiano wa kura na sahani una historia chungu zaidi. Katika majira ya baridi ya 1962, viongozi wa kaunti ya Leflore, Mississippi, walisitisha ugawaji wa chakula cha ziada cha serikali wakati watu weusi walipokuwa wakijiandikisha kupiga kura, na maelfu wakabaki bila unga. Fannie Lou Hamer, mwanaharakati wa jimbo hilo hilo, aliona kuwa mtu asiye na chakula chake hutishwa kwa urahisi, naye mwaka 1969 akaanzisha ushirika wa shamba katika kaunti ya Sunflower. Familia ilipewa nguruwe jike, na nguruwe huyo akishazaa, familia ilirudisha watoto wake kadhaa ili familia nyingine ipewe. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunaufahamu utaratibu huo kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe.

Kuhusu lugha, piga simu ofisi ya katibu wa halmashauri siku kadhaa kabla na uombe mkalimani wa Kiswahili; miji mingi yenye wakimbizi hutoa ikiombwa mapema. Jirani anaweza pia kukusomea karatasi uliyoiandika. Mwulize jirani huyo pia kuhusu wakimbizi wenzako ambao bado hawajapata kadi ya ukaazi, kwa sababu sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 iliwaondolea wakimbizi wa namna hiyo haki ya SNAP, na huenda wanategemea kanisa peke yake.

Na katika ombi lako, usianze na supamaketi, ambayo hata ikikubaliwa huchukua miaka kujengwa. Anza na basi. Kubadili njia ya basi moja ili lipite mbele ya duka la vyakula ni uamuzi unaoweza kufanyika ndani ya miezi, na mara nyingi bodi ya usafiri ina vikao vyake yenyewe, ambavyo watu wachache sana huhudhuria.